Jinsi nilivyokipata kifaa kilichokuwa kikigawa anwani za IP kwenye mtandao wa ofisi

Baadhi ya kompyuta za ofisini zilikuwa zikikosa intaneti ghafla, na kila iliyokosa ilikuwa na anwani ya IP (namba ya kompyuta mtandaoni) ya 192.168.1.x badala ya zetu zinazoanza na 10, ishara ya wazi kwamba kuna kifaa kigeni kinachogawa anwani. Kuzima na kuwasha ruta hakukusaidia. Kwenye swichi, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta kwa kebo, amri ya show lldp neighbors nayo haikukionyesha, kwa kuwa huorodhesha tu vifaa vinavyojitambulisha vyenyewe.

Kwenye kompyuta iliyoathirika, ipconfig /all ilinipa IP ya mgawaji, na arp -a ikanipa anwani yake ya MAC, namba ya kipekee ya kifaa chenyewe. Nilipoitafuta kwenye swichi ya Cisco kwa show mac address-table, inayoonyesha kila anwani iko kwenye mlango (tundu la kebo) upi, haikuwepo. Hapa ndipo penye siri: kwa kawaida swichi hiyo huifuta anwani ya kifaa kilichokaa kimya kwa sekunde 300. Basi niliiacha kompyuta ile ikituma ping -t mfululizo kwa kifaa hicho, nikarudia amri, na anwani ikajitokeza papo hapo.

Ilionekana kwenye mlango Gi0/24, wenye anwani nyingi za MAC, yaani kebo iendayo swichi nyingine. Huko amri ileile ilinifikisha Fa0/11, palipochomekwa ruta ndogo ya Wi-Fi kwa tundu lake la LAN. Nilizima DHCP yake, yaani huduma ya kugawa anwani, kisha nikawasha ip dhcp snooping, kinga inayozuia wagawaji wasioaminiwa, kwenye swichi zote, nikiiamini milango ya seva yetu na ile inayounganisha swichi pekee.