Nilivyosimamia utetezi wa kesi ya betri iliyodaiwa kuunguza nyumba

Mimi ni mwanasheria wa ndani wa kampuni inayotengeneza vifaa vya mkononi vinavyotumia betri za lithiamu, na bidhaa zetu huuzwa Ulaya na Marekani. Miongoni mwa mashauri niliyowahi kuyasimamia, lililonionyesha wazi zaidi mwelekeo wa sasa wa sheria ya dhima ya bidhaa ni moja lililofunguliwa katika mahakama ya shirikisho nchini Marekani, ambamo ilidaiwa kuwa betri ya drili yetu ilishika moto ikiwa kwenye chaja na kuunguza nyumba. Wadai walikuwa wawili: mwenye nyumba aliyeungua mikono, na kampuni ya bima iliyokwisha kumlipa hasara ya mali na ambayo sasa ilitaka kurejeshewa fedha hizo na sisi. Mdai huyu wa pili ndiye aliyenipa shughuli kubwa mwanzoni, kwa kuwa kampuni za bima huwa na wachunguzi wao wa moto, na wachunguzi hao hufika kwenye kifusi kabla mtengenezaji hajajua kwamba kuna tukio.

Hati ya madai ilitaja aina zote tatu za kasoro zinazojulikana katika sheria hii, yaani kasoro ya utengenezaji, kasoro ya usanifu na upungufu wa maonyo, kisha ikaongeza uzembe. Tangu Mahakama ya Juu ya California ilipoamua shauri la Greenman mwaka 1963, majimbo mengi ya Marekani yamekubali kwamba aliyeumizwa na bidhaa yenye kasoro halazimiki kuthibitisha kuwa mtengenezaji alizembea. Hata hivyo, katika kasoro ya usanifu mahakama nyingi humtaka mdai aonyeshe kuwa kulikuwa na usanifu mwingine, salama zaidi na unaowezekana, ambao mtengenezaji angeweza kuutumia, na hapo ndipo nilipoona kuwa vita vyetu vingepiganwa. Mawakili wetu wa nje walipendekeza tuanze na pingamizi la mamlaka ya mahakama, kwa hoja kwamba drili ile ilinunuliwa katika jimbo jingine. Sikukubali. Mwaka 2021, katika shauri lililoihusu kampuni ya Ford, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtengenezaji anayelihudumia soko la jimbo kwa makusudi anaweza kushtakiwa humo hata kama kifaa chenyewe kiliuzwa kwingine, na sikuona sababu ya kutumia bajeti ya utetezi kwa pingamizi ambalo jibu lake lilikwisha kutolewa.

Fedha hizo nilizielekeza kwenye mabaki. Siku ileile tulipopata barua ya madai niliagiza mambo mawili yafanyike kwa pamoja: kuitaka kampuni ya bima kwa maandishi isifungue, isisafishe wala isihamishe chochote kilichookotwa kwenye kifusi bila wawakilishi wetu kuwapo, na kusimamisha ufutaji wa kumbukumbu zetu wenyewe. Tulikubaliana juu ya utaratibu wa uchunguzi wa pamoja uliofuata kiwango cha ASTM E860, ambacho kinahusu namna ya kuchunguza vitu vinavyoweza kuwa ushahidi mahakamani, pamoja na mwongozo wa NFPA 921 wa uchunguzi wa moto. Nilisisitiza kwamba betri zipigwe picha za eksirei na za CT, yaani eksirei zinazoonyesha ndani ya kitu tabaka kwa tabaka, kabla ya mtu yeyote kugusa skrubu, kwa sababu seli ya lithiamu iliyoungua hupoteza nusu ya habari zake pindi inapofunguliwa, na upande utakaokuja baadaye hubaki kubishana na picha za mwenzake.

Kifusi kilikuwa na betri mbili, moja ya kwetu na nyingine ya kuiga, na kila upande ulikuwa na hamu ya kuonyesha kuwa iliyokuwa kwenye chaja ni ile ya mwenzake. Jibu lilipatikana ndani ya chaja, ambako chipu ya kumbukumbu ilinusurika na wataalamu wa pande zote wakaweza kuisoma. Ilionyesha kwamba katika chaji ya mwisho chaja haikupokea utambulisho wa betri, dalili kwamba iliyowekwa ilikuwa ya kuiga. Wakurugenzi wetu walifurahi sana, lakini mimi niliona kwamba swali lilikuwa limehama tu. Awali tuliulizwa kwa nini betri yetu iliungua, na sasa tungeulizwa kwa nini chaja yetu ilikubali kuchaji betri isiyoitambua. Matumizi mabaya ya bidhaa hayamwokoi mtengenezaji iwapo yangeweza kutarajiwa, na betri za kuiga zinauzwa waziwazi kiasi kwamba hakuna mhandisi anayeweza kuapa kuwa hakuzitarajia.

Baada ya tukio hilo, wahandisi wetu walikuwa wametoa toleo jipya la programu inayoendesha chaja, na toleo hilo hukataa betri isiyojitambulisha. Baadhi ya viongozi wa kampuni walitaka lisimamishwe hadi kesi iishe, wakihofia kwamba lingeonekana kama kukiri kosa. Niliandika ushauri mfupi wa kupinga. Kanuni ya 407 ya ushahidi katika mahakama za shirikisho inakataza marekebisho yaliyofanywa baada ya madhara kutumiwa kuthibitisha uzembe, kasoro au haja ya onyo, na ilitungwa ili watu wasiogope kurekebisha. Kanuni hiyo ina mlango wa nyuma: mtengenezaji akibisha kwamba usanifu salama zaidi haukuwezekana, marekebisho hayo yanaweza kuletwa mahakamani kuonyesha kuwa uliwezekana. Kwa hiyo niliwaelekeza mawakili wasibishe hata kidogo juu ya uwezekano wa kiufundi. Tungesema kwamba iliwezekana, kisha tungeeleza kwa nini wakati ule uamuzi tofauti ulikuwa wa busara.

Hoja hiyo ingesimama tu kama kulikuwa na maandishi ya wakati ule, na maandishi yalikuwepo. Faili la tathmini ya hatari lilikuwa na ukurasa unaojadili betri zisizotambulika, ukieleza kwamba kuzikataa zote kungezima pia betri zetu za zamani ambazo hazina chipu ya utambulisho, na kwamba badala yake chaja ilipewa kihisi cha joto na kikomo cha mkondo wa umeme. Wako mawakili wa utetezi wanaowashauri wahandisi wasiandike mambo mengi, na nimekaa nao kwenye mikutano. Sikubaliani nao. Barua pepe yenye neno «hatari» inaumiza pale tu inapobaki bila jibu. Yenye jibu humpa shahidi wako kitu cha kushika. Kwa upande wa kumbukumbu za kielektroniki, Kanuni ya 37(e) ya mwenendo wa mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho, ilivyorekebishwa mwaka 2015, inadai hatua za kuridhisha za kuhifadhi, na adhabu kali imeziacha kwa kesi za mtu aliyekusudia kumnyima mwenzake ushahidi. Nilichohofia zaidi ni ujumbe mfupi wa vikundi vya wahandisi, ambao ulikuwa ukijifuta wenyewe, na nikahakikisha mpangilio huo unaondolewa kwenye simu za kazi za kila aliyegusa mradi.

Wadai walidai pia malalamiko yote ya wateja kuhusu joto, moshi au moto katika bidhaa zetu zote. Sikukataa moja kwa moja, maana majaji hawapendi mdaiwa anayekataa kila kitu. Nilitoa malalamiko yanayohusu chaja ya aina ileile, yenye toleo lilelile la programu, yaliyotokea wakati wa kuchaji, na kwa mengine nikaeleza kuwa ni lazima kwanza waonyeshe kwamba matukio hayo yanafanana kwa kiasi kikubwa na hili. Jaji alikubali sehemu kubwa ya mpaka huo. Nilipoyapitia malalamiko hayo mwenyewe, niliuliza pia swali ambalo halikuwa la kesi hii: je, tunapaswa kutoa taarifa kwa tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani? Sheria inampa mtengenezaji saa 24 tangu apate habari zinazoashiria kwa kiasi cha kuridhisha kuwa bidhaa ina kasoro inayoweza kuleta hatari kubwa. Tulitoa taarifa. Wakili mmoja alinung'unika kwamba tunawapa wadai silaha. Nilimjibu kuwa mdaiwa aliyenyamaza na baadaye akafichuliwa hukabidhi silaha kubwa zaidi.

Maandalizi yaliyonichukua nguvu nyingi kuliko yote yalikuwa ya mhandisi aliyeteuliwa kujibu kwa niaba ya kampuni katika mahojiano chini ya kiapo. Mawakili wa wadai siku hizi hawaanzii kwenye kifaa, bali kwenye kanuni pana ambazo hakuna mwungwana anayeweza kuzikataa: je, mtengenezaji anaruhusiwa kuhatarisha maisha ya familia bila sababu? Je, usalama si jambo la kwanza? Shahidi akisema ndiyo bila kikomo mara kadhaa, swali la mwisho humfunga, kwa sababu karibu kila kifaa cha umeme kina hatari fulani iliyobaki. Sikumfundisha kukwepa. Nilimfundisha kurudisha kila swali kwenye kazi yake halisi, yaani kueleza kwamba usalama hupimwa pamoja na matumizi ya kifaa, kwamba hatari hupunguzwa kwa ngazi, na kwamba ukurasa wa tathmini ulionyesha ngazi hizo. Tulilifanya zoezi hilo mbele ya kamera, naye akajiona akijibu haraka mno. Kwenye mahojiano yenyewe alikuwa akinyamaza kwanza, akisoma hati aliyopewa, kisha akijibu, na wakili wa wadai akaonekana kukerwa.

Mtaalamu wa wadai alisema kuwa chaja ingepaswa kukata umeme katika kiwango cha chini zaidi cha joto, na kwamba kikomo hicho kingezuia moto. Hakujenga chaja ya namna hiyo wala hakuijaribu na betri ya kuiga ya aina ileile. Tuliomba maoni yake yaondolewe chini ya Kanuni ya 702 ya ushahidi, inayohusu mashahidi wataalamu, ambayo tangu Desemba 1, 2023 inasema bayana kwamba anayemleta mtaalamu ndiye anayepaswa kumwonyesha jaji kuwa kuna uwezekano mkubwa kuliko kutokuwapo kwamba maoni hayo yametokana na njia za kuaminika zilizotumiwa ipasavyo. Kabla ya marekebisho hayo, majaji wengi walikuwa wakisema udhaifu wa mtaalamu ni jambo la kupimwa na jopo la raia waamuzi, na maombi ya aina hii yalikuwa yakikataliwa kwa sentensi moja. Jaji wetu aliyaondoa maoni kuhusu kikomo cha joto kwa kukosa majaribio, na bila maoni hayo madai ya usanifu yalibaki bila mguu. Madai ya maonyo aliyaacha yaendelee, kwa kuwa kijitabu chetu kilikataza betri zisizo za kwetu bila kueleza kuwa zinaweza kuwaka moto, na kwa maoni yangu alikuwa na haki.

Tulimaliza kwa suluhu mbele ya msuluhishi. Upande wetu walikuwapo waliotaka tuende hadi mwisho baada ya ushindi ule, lakini majeruhi mwenye makovu ya moto mbele ya jopo, pamoja na onyo lisilokamilika, ni hesabu ngumu katika nchi ambako hukumu za fidia zinazozidi dola milioni 10 zimekuwa habari za kawaida. Masharti ya suluhu ni ya siri, ila naweza kusema kuwa kampuni ya bima ilikubali kupunguza dai lake baada ya kusoma kumbukumbu za chaja, na punguzo hilo ndilo lililofanya mazungumzo na mwenye nyumba yawezekane.

Kazi iliyobaki inahusu Ulaya. Maelekezo mapya ya Umoja wa Ulaya, namba 2024/2853, yanayochukua nafasi ya yale ya 1985, yatahusu bidhaa zitakazoingia sokoni baada ya Desemba 9, 2026. Chini yake programu ni bidhaa, mtengenezaji anaendelea kuwajibika kwa kasoro zinazotokana na masasisho yaliyo chini ya udhibiti wake au kwa kukosa masasisho yanayohitajika kwa usalama, na mdaiwa asiyetoa ushahidi alioamriwa kutoa anaweza kudhaniwa kuwa bidhaa yake ina kasoro hadi athibitishe vinginevyo. Hoja yetu ya Marekani, kwamba usanifu upimwe kwa hali ya siku ulipoamuliwa, itakuwa na nafasi ndogo huko kwa chaja tunayoweza kuibadilisha kwa mbali. Nimeanzisha rejista inayoonyesha kila toleo la programu, sababu ya kulitoa, hatari zilizojadiliwa, na chaja ambazo hazikulipokea. Idara ya mauzo inataka masasisho yakome miaka michache baada ya modeli kuacha kuuzwa. Maelekezo hayo yanaweka ukomo wa miaka 10 wa kudai fidia, na hadi miaka 25 pale majeraha yanapochelewa kujitokeza, kwa hiyo rejista itahifadhiwa kwa miaka 25, na mjadala wa masasisho nimeupeleka kwenye bodi ukiwa na mapendekezo yangu kwamba kipindi chake kisipungue miaka 10.