Msimulizi wa Nne

Wiki hii mitihani imeanza, dada amejifungua salama mtoto wa kike, na shangazi amekwisha kuhamia ile nyumba ya Makorora niliyowasimulia mwezi uliopita. Lakini kila nikikaa kuandika juu ya hayo, mkono unakataa. Kuna maneno ya yule babu wa Muheza ambayo hayajanitoka tangu Jumamosi, na sidhani kwamba nitaweza kudurusu lolote kabla sijayaweka hapa.

Mnamkumbuka: ndiye mzee aliyetoka upande wa Kasulu akiwa kijana, kwa gari moshi kisha kwa lori, akaja kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Nilikwenda kumsomea sehemu inayomhusu ya tasnifu yangu juu ya vibarua wa mkonge, kwa kuwa tangu mwanzo nilimwahidi kwamba hakuna neno lake litakalofika chuoni kabla yeye hajalisikia. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akanisahihisha mahali pamoja tu, pale penye habari za majani kufungwa matita ya thelathini thelathini na za mnyapara aliyeweza kulikataa tita zima kwa sababu ya majani mafupi. Nilipomaliza, akauliza:

"Huyu Msimulizi wa Nne ni nani?"

"Ni wewe, babu."

"Mimi nina jina, mjukuu wangu."

Nikamweleza, kwa upole wote niliokuwa nao, kwamba maadili ya utafiti yanatutaka tuyafiche majina ya wanaotuhadithia ili tuwalinde.

"Kunilinda na nani?" akasema. "Wote walionijua nilipokuja wamekwisha kufa. Silabu, wale wa ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, walinipa namba. Kwenye kipande nilikuwa namba. Na wewe umekuja na kalamu yako, umenipa namba."

Hakuyasema kwa hasira. Angekasirika, ningejua la kufanya. Ningemwomba radhi na mambo yangekwisha. Aliyasema kama mtu anayetaja habari ya mvua, kisha akaagiza niletewe chai. Ndani ya kosta, njia nzima hadi stendi ya Kange, nilikuwa nikimtungia majibu, na kila jibu lilianguka mbele ya maneno yale matatu: kunilinda na nani? Jumatatu, katika mtihani wa historia ya uchumi, tuliulizwa juu ya utaratibu wa kipande. Nikaandika kwamba kibarua alipewa kadi ya siku 30 za kazi, akatakiwa kuzikamilisha ndani ya siku 42, na kwamba siku aliyoshindwa kuimaliza kazi aliyopangiwa haikutiwa alama. Nadhani nilijibu vizuri. Lakini sauti niliyokuwa nikiisikia wakati wote haikuwa ya mwalimu wala ya kitabu.

Kinachonichoma ni hiki. Kila aliyesoma habari za mkonge wa Tanga anajua kwamba mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na kwamba iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Tunajua hesabu ya miche iliyopona baharini. Tunajua pia kwamba mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, na kila jani la singa hizo lilikatwa kwa mkono, na mtu ambaye miiba ilimchoma mapajani na usoni. Mimi niliichagua mada hii ili watu hao wasikike. Sasa mmoja wao amenisikiliza, na alichokisikia ni kwamba hayumo.

Siidharau kanuni. Yuko bibi mmoja aliyenihadithia habari za mnyapara ambaye wajukuu wake ni majirani zake hadi leo, na jina la bibi huyo halitatoka kinywani mwangu. Kwake ulinzi una maana. Lakini yule babu alilibeba jina lake kutoka Kasulu akiwa hana mzigo mwingine wa maana, na hana anayemwogopa.

Jumatano nilimpelekea msimamizi wangu jambo hili, nikitarajia aniambie kwamba muda umekwisha, maana nakala zilizojalidiwa zinatakiwa kesho kabla ya saa tisa alasiri. Alivua miwani, akanitazama.

"Binti, unadhani kanuni ile iliwekwa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya babu, mwalimu."

"Basi kamuulize babu."

Akanipa fomu nyingine ya ridhaa, akaongeza kwa mkono wake mwenyewe mstari unaomruhusu msimulizi kutajwa jina kwa hiari yake, akatia sahihi pembeni. Nilitoka ofisini mwake nikikimbia.

Leo asubuhi nimerudi Muheza na kibweta cha wino. Mjukuu wake alimsomea fomu kwa sauti, akaitaka isomwe tena, kisha akabonyeza dole gumba kwa nguvu hata karatasi ikasogea mezani. Halafu akaanza kunitajia: jina lake, la baba yake, la babu yake, na la kijiji alichozaliwa, akinisimamisha kila mara ili ahakikishe kwamba nimeliandika kama linavyotamkwa kwao. Hapa sitaliweka, kwa kuwa ruhusa aliyoitoa ni ya tasnifu tu. Jioni hii nimelipitisha sura kwa sura, kila mahali alipokuwa Msimulizi wa Nne, na nimefurahi kwa namna ambayo sijawahi kufurahi tangu niingie chuoni. Kijana wa stesheneri ameniahidi kufungua mapema ili kazi ijalidiwe.

Ningelala sasa, lakini mama amepiga simu kutoka Pangani. Mdogo wangu amekwenda kuvua na wale vijana wa mashua, na kusi hii inavyovuma hakuna mtu mzima aliyewaruhusu. Walitarajiwa kurudi alasiri. Simu yake haipatikani, na kaka ametoka kwenda pwani kuulizia.