Lita ngapi?

Naandika hii nikiwa kitandani nyuma ya motohomu, yaani gari la kulala humohumo, tumepaki Camp Verde, Arizona, saa tatu na nusu usiku, baba watoto kashalala na mashine ya oksijeni inanguruma pale karibu na mlango, mpira wake umepita kwenye kapeti ukazunguka mguu wa meza mpaka puani kwangu. Kipimo cha kidoleni, kile cha asilimia ya oksijeni kwenye damu, kinasoma 94. Leo mchana nlikuwa ukingoni mwa bonde la Grand Canyon na kuna dakika kilisoma 84, ntaeleza, ila nataka niandike kabla sijalala maana mambo ya leo sitaki yanipotee hata moja.

Kwa ambao hamnijui, mapafu yangu yana makovu. Madaktari wanaita fibrosisi ya mapafu, kwangu mimi chanzo hakikupatikana, ilianza na kikohozi kikavu kisichoisha nikadhani ni mabaki ya Korona, kumbe picha ya CT mwaka 2021 ikaonyesha mengine. Kuna dawa nakunywa, pirfenidone, inapunguza kasi tu, kovu likishaingia halitoki. Tangu 2023 naishi na oksijeni, lita 2 kwa dakika nikiwa nimekaa, 4 nikitembea, na usiku kucha bila kukatika.

Na mi si mgeni wa hii kitu. Miaka 17 nimefanya kazi kwenye nyumba za wazee Houston, nimewavalisha watu huu mpira asubuhi na jioni, nimebadilisha mitungi mpaka mikono ikaota sugu. Siku ya kwanza kuuvaa mwenyewe nilikaa bafuni taa nimezima.

Kwetu Tanga ukiambiwa fulani kawekewa oksijeni, maana yake walio mbali wafunge safari. Ni neno la wodini, neno la saa za mwisho. Nilipomtumia mdogo wangu picha bila kuangalia vizuri, mpira unaonekana shavuni, alipiga simu analia, "Dada, umelazwa hospitali gani?" Nikamwambia nipo jikoni nachambua mchele. Hakuamini mpaka nikamwonyesha sinia. Tukakubaliana mama asijue. Mama ana miaka 84, anakaa kwa huyo mdogo wangu, kwahiyo kila nikipiga simu ya video nauvua mpira, dakika tano, kumi, naongea harakaharaka, nikiona vidole vinabadilika rangi ndo naaga. Miaka miwili hivo. Mama anauliza tu mbona siji.

Shida ni ndege. Mtungi wako huruhusiwi kupanda nao, lazima iwe kale kamashine kadogo ka betri kanakochuja oksijeni hewani, na mashirika yanaweza kukutaka uwe na betri za kutosha mara moja na nusu ya muda wa kuruka. Houston mpaka Dar na kubadili ndege njiani hesabuni wenyewe. Halafu hewa ya ndani ya ndege yenyewe ni nyepesi, ni kama uko mlimani, inaweza kuwa sawa na mita 2,400 juu ya bahari. Daktari wangu alisema "tutaona", na mi nimeuguza watu muda mrefu, ile "tutaona" naijua.

Sasa baba watoto ameendesha malori ya masafa miaka mingi, barabara kuu ya I-40 anaijua kama njia ya sokoni, na kila akipita Flagstaff, mji wa karibu na Grand Canyon, alikuwa ananipigia, "siku moja ntakuleta huku uone lile bonde". Mwaka jana kastaafu, tukanunua motohomu iliyotumika, urefu kama mita 8, kitanda, jiko, choo, vyote ndani. Nikaangalia ramani nikaona ukingo wa kusini wa Grand Canyon uko kama mita 2,100. Nikanyamaza. Moyoni nikasema basi hiyo ndo ndege yangu, nikiweza kukaa pale juu ntakuwa nimejua kitu. Hata yeye sikumwambia.

Kinachokula akili kwenye safari za namna hii ni umeme. Mashine kubwa ya nyumbani inavuta hewa hii hii ya kawaida, inakamata naitrojeni kwenye chembe za madini yanayoitwa zeolaiti, inayobaki ni oksijeni kama asilimia 93, na kazi hiyo inakula wati 300 mpaka 350 bila kupumzika. Zidisha kwa saa tisa za usiku, ni kama yuniti 3 za umeme, wenye LUKU mtanielewa. Betri moja ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba yuniti moja na kidogo, kwahiyo tumefunga nne chini ya kitanda, inveta, na sola mbili juu ya paa. Jenereta ipo lakini kempu nyingi usiku hazitaki kuisikia. Na bado kuna mitungi mitano imefungwa mikanda kabatini isije ikabiringika, kwa ajili ya siku ambayo vyote vimegoma, mtungi mmoja wa lita 680 kwa mwendo wa lita 2 ni saa tano na nusu. Usiku wa kwanza, San Antonio, sikulala, nilikuwa nahesabu tu.

Kingine ni moto. Oksijeni yenyewe haiwaki ila inafanya kingine chochote kiwake kwa kasi, na inajificha kwenye nywele na nguo. Jiko la gesi la ndani hatuligusi kabisa, tuna jiko la umeme, na chapati baba watoto anazipikia nje mbali na mimi. Mwanzo zilikuwa ngumu, sa hivi ni laini kuliko zangu, nasema kweli. Vaselini nimeacha maana ni mafuta, pua ikikauka napaka jeli ya maji. Lakini kilichoniuma ni udi. Mi mwanamke wa pwani, Ijumaa bila chetezo naona kama sijaoga, na toka nianze oksijeni sijafukiza. Mdogo wangu bado ananitumia udi wa kutoka nyumbani, sikuwahi kumwambia kuwa siuchomi. Nauweka vilevile kwenye sanduku la kanga. Nimelifungua jana hapa jangwani kutafuta kanga ya kujifunika na harufu iliyotoka ni ya chumba cha mama, nikakaa chini kwanza.

Basi tumekuja na I-10, Fort Stockton, El Paso, taratibu, saa nne za barabara kwa siku. Las Cruces ndo mitungi mipya ilikuwa itukute. Kampuni inayonihudumia niliiarifu wiki tatu kabla, nikapewa na namba ya oda. Siku ya kwanza hawakuja, ya pili hawakuja. Nikapiga simu, nikawekewa muziki dakika 50, nikahamishwa kwa watu wanne na wa mwisho akaniuliza kama naweza kusubiri mpaka Jumatatu. Mtu mzima anakuuliza kama pumzi yako inaweza kusubiri Jumatatu! Nilikasirika mpaka kipimo kikashuka.

Jirani yetu pale kempu, mzee wa Kimarekani, kofia pana, alikuwa amenisikia. Akaja polepole na kamashine kake begani, mpira puani kama wangu, akavuta kiti, hata salamu hakutoa, akauliza, "Lita ngapi?" Nikasema mbili, nne nikitembea. Akasema yeye tatu na sita. Yaani sijui niwaeleze vipi. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivo, bila ile sura ya msibani, kama mtu anavyokuuliza umeamkaje. Anasafiri na oksijeni mwaka wa sita huu. Miaka sita jamani, na mi nilikuwa naona aibu kwenda harusini! Akasema usipige makao makuu, piga tawi la karibu uongee na dereva mwenyewe, tukafanya hivo na mitungi ikaja kesho yake asubuhi. Akatuambia tuache ule mpira wa mita 15 tuliopewa tuweke wa mita 7, maana ule mrefu kila siku ulikuwa unabanwa na mlango na mi navutwa shingo. Na akanikumbusha kitu ambacho hata mimi mwenye kazi yangu nilikuwa nakichukulia poa, kwamba namba 4 kwenye kamashine kadogo si lita 4, kale kanapuliza kidogo kila ukivuta pumzi, ni namba tu, kwahiyo amini kidole chako.

Usiku ule ndo nikamwambia baba watoto habari ya ndege na mama. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Basi tutapanda taratibu, mama."

Phoenix iko kama mita 330. Kutoka hapo I-17 inapanda mpaka Flagstaff, kama mita 2,100, juu kuliko Nairobi, juu kuliko geti la Marangu. Kule juu oksijeni kwenye hewa ni asilimia 21 ileile ya Tanga, ila hewa yote imekuwa nyepesi, unavuta pumzi kubwa na kinachoingia ni pungufu kwa zaidi ya moja ya tano. Ndo maana tunalala hapa Camp Verde, kama mita 960 tu, tupande mchana tushuke jioni, maana usiku ndo oksijeni ya mwili wangu inashuka zaidi.

Leo tumeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nikawa naandika namba nyuma ya risiti ya mafuta, 94, 93, 91, Flagstaff nikaongeza mpaka lita 3, daktari aliniruhusu kufika 6. Getini tukaonyesha Access Pass, ile kadi ya bure ya maisha ya kuingia hifadhi za taifa kwa raia na wakazi wa kudumu wenye ulemavu wa kudumu. Mwaka mzima nilikataa kuiomba kwa sababu ya hilo neno. Leo nimeitoa dirishani kwa mkono wangu.

Mather Point kuna njia nzuri ya kiti cha magurudumu. Kamashine mapajani, kanga juu ya hijabu maana hii dawa inafanya jua liniunguze, baba watoto anasukuma. Halafu ardhi ikaisha. Nimeona picha za lile bonde maisha yangu yote na hazikuniandaa, kina kama kilomita moja na nusu, milima mizima iko chini ya miguu yako, rangi ya tofali, ya zambarau, ya majivu, na kivuli cha wingu kinapita juu yake polepole. Nikataka kusimama. Nikasimama, hatua sita mpaka kwenye vyuma, nikashika. Nikalia. Sasa ukilia pua inaziba, na kamashine kasiposikia pumzi puani hakapulizi, kakaanza kupiga kelele, kidole kinasema 84, watu wanageuka. Baba watoto kanishika mabega, "vuta kwa pua, mama, kwa pua, polepole". Nikakaa. Akapandisha mpaka namba 5. Dakika sita hivi ikawa 90.

Tukakaa pale saa moja na nusu. 90, 91, 90, 91. Zote nimeandika.

Kwetu ilikuwa imefika saa tatu usiku. Nikampigia mdogo wangu kwa video na mpira sikuuvua. Alipouona akataka kugeuza simu pembeni lakini mama alikuwa kaketi naye, akaichukua, akasogeza macho karibu na kioo. "Hicho puani nini?" Nikasema oksijeni, mama. Kimya. "Umelazwa?" Nikasema hapana mama, niko matembezini, nikageuza kamera nikamwonyesha bonde lote kutoka upande huu mpaka ule. Mama akapiga kelele, "Rudi nyuma! Rudi nyuma huko, utaanguka!" Nikarudisha kiti nyuma kweli, mpaka akaridhika. Akaniuliza kama nimekula. Akauliza nakuja lini.

Nikamwambia kuna kipimo kwanza, wanakuvutisha hewa yenye oksijeni asilimia 15 kama dakika ishirini ukiwa umekaa kliniki, wanaona mwili unafanyaje, ndo wanajua ukiwa angani utahitaji kiasi gani. Sijui kama alinielewa. Alisema sawa, ukishapimwa unambie tarehe, nimwambie fundi akupakie rangi chumba.

Jumatatu nampigia daktari. Risiti nimeibandika kwenye mlango wa friji nisije nikaitupa. Kempu hii ina umeme, betri zimejaa, baba watoto kageuka anauliza kwanini taa bado inawaka.