Stima ikikatika, maji yataenda wapi? Siku moja maishani mwangu kama fundi wa matangi ya samaki

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Chai haijachemka na ujumbe umeshaingia: "Mwanangu, boksi nimeshanunua. Njoo ulifunge leo." Ni mama mmoja wa Nyali, Mombasa, muuguzi mstaafu, ambaye karibu mwaka mzima amekuwa akijiandalia tangi la matumbawe. Tangi lenyewe ni la mtumba: urefu sentimita 120, upana 50, kimo 55, kama lita 330 likijazwa hadi ukingoni. Halijatobolewa popote. Picha aliyotuma inaonyesha boksi la ovaflo la kuning'inia, yaani la kupokea maji ya juu ya tangi na kuyashusha kwenye sampu, tangi dogo la chini lenye pampu inayoyarudisha juu. Lina mrija wa umbo la U unaovusha maji juu ya ukingo wa kioo. Kibandiko kinasema lita 4,000 kwa saa.

Namjibu: "Shikamoo mama. Nakuja, lakini usilifungue bado."

Saa moja asubuhi

Maji yamejaa. Hii ndiyo saa ya kuteka maji ya chumvi, kwa sababu bahari ikijaa huleta maji safi ya nje ya mwamba, nayo ikitoka huburuta uchafu wa nchi kavu. Mvua kubwa ikinyesha siteki kwa siku kadhaa. Leo kipimo kinasoma 35, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Madumu kumi ya lita 20, tuktuk, twende.

Saa mbili na nusu

Tangi la kwanza liko sebuleni mwa kliniki ya meno mjini. Nimelihudumia mwaka wa nne sasa, na ndilo lililonifundisha ninayotaka kumweleza mama leo.

Lilikuwa na boksi kama lake. Mrija wa U hufanya kazi kwa saifoni: maji hupanda kwenye mrija na kushuka upande wa pili bila pampu, mradi ndani mwake hamna hewa. Lakini maji ya tangi yana viputo vidogo sana. Yakipita polepole, viputo vinajikusanya kwenye kilele cha mrija, kimoja kimoja, mpaka siku moja saifoni inakatika. Pampu haijui hilo. Inaendelea kusukuma maji juu, na juu hayana pa kutokea.

Ilitokea usiku wa Jumamosi. Stima ilikatika, ikarudi, saifoni haikurudi. Jumatatu nilipoitwa, zulia lilikuwa limelowa mpaka mlangoni, na pampu ilikuwa imezunguka kavu tangu usiku ule mpaka ikaungua. Kosa lilikuwa langu. Sikuwa nimepima chumba cha pampu kinashika lita ngapi, wala tangi la juu limebakiwa na nafasi kiasi gani. Nililipia zulia, na mwezi uliofuata nikatoboa kioo nikaweka boksi la kudumu. Leo nasugua meno ya ukingo wa boksi hilo kwa mswaki mzee, natoa mwani uliojishika, nachungulia mdomo wa bomba kama hakuna konokono aliyejipachika. Konokono mmoja anatosha kuziba bomba la inchi moja.

Saa nne

Duka la vifaa vya mabomba. Nahitaji konekta za tangi za inchi moja (za kupitishia bomba kwenye tundu la kioo), mabomba ya PVC, elbo sita na valvu ya geti. Kijana wa dukani ananiwekea valvu ya shaba kaunta, kwa nia njema kabisa, kwamba ni imara kuliko ya plastiki. Namrudishia. Chumvi huila shaba taratibu, na shaba ikiyeyuka majini, hata kidogo sana, inaua matumbawe, kamba na konokono. Kwenye tangi la bahari kila kinachogusa maji kiwe plastiki, kioo au silikoni. Hata vibana vya chuma kisichoshika kutu hushika kutu, vipewe mwaka tu.

Mbona valvu ya geti, na si ile ya kugeuza mkono mara moja? Kwa sababu saifoni inataka kurekebishwa kwa unywele. Ile nyingine ukiigusa kidogo maji yamezidi, ukiirudisha kidogo yamepungua. Ya geti unaizungusha robo, unasubiri, unaizungusha tena.

Saa tano na nusu

"Karibu mwanangu. Boksi si hilo hapo? Tatizo ni nini?"

Nakaa naye chini na daftari. Namwambia lita 4,000 za kibandiko si zake. Tangi lake linatosheka na maji kupita kwenye sampu mara nne au tano kwa saa, basi ni lita kama 1,500. Mkondo wa kuyayumbisha matumbawe utaletwa na pampu ndogo za ndani ya tangi. Kwa hiyo namba ya kwanza ya kuangalia kwenye boksi ni urefu wa ukingo wake, pale maji yanapomwagikia.

Juu ya maji ya bahari yaliyotulia hutanda utando wa mafuta na protini, unaouona ukichungulia kwa pembeni: unameta kama sufuria isiyooshwa vizuri. Huzuia hewa kuingia na hupunguza mwanga. Kazi ya boksi ni kuuvuta utando huo na kuupeleka kwa skima, chombo kinachotoa uchafu kwa povu. Lita 1,500 kwa saa zikipita juu ya ukingo wa sentimita 15, maji yanakuwa na unene wa milimita kama 13. Zikipita juu ya ukingo wa sentimita 50, unene ni milimita 6 hivi. Maji membamba ndiyo yanayoburuta utando. Boksi alilonunua lina ukingo wa sentimita 15.

Halafu hesabu ya pili, ambayo kwangu ndiyo ya kwanza. Tangi ni 120 kwa 50, kwa hiyo kila sentimita moja ya maji ni lita 6. Pampu ikizima, maji hurudi nyuma kupitia bomba la kurudishia mpaka mdomo wake uvute hewa. Mchoro aliopewa dukani uliweka mdomo huo sentimita 15 chini ya maji.

"Kumi na tano mara sita," anasema mwenyewe. "Tisini."

"Na sampu yako ni 75 kwa 40, kila sentimita ni lita 3. Lita 90 zitapandisha maji sentimita 30. Yakiwa yanakaa kwenye 25, yatafika 55. Sampu ina kimo cha 40."

Anaangalia sakafu yake ya mbao. Hasemi kitu kwa muda. Namwambia mdomo tutaupandisha, na badala ya boksi la kuning'inia tutoboe kioo.

"Na ukitoboa kikipasuka?"

Swali la haki. Kioo kilichochomwa kuwa kigumu hakitobolewi. Keekee ikikigusa kinamwagika chote kuwa punje. Tunakipima. Mjukuu analeta kompyuta yake ya mapajani, tunafungua ukurasa mweupe na kuisimamisha nyuma ya kioo, kisha navaa miwani ya jua ya kukata mng'ao na kutazama. Kioo cha chini kinaonyesha mabaka meusi kama mawingu: hicho kimechomwa, tusikiguse. Cha nyuma ni cheupe tupu, kila pembe. Nampa mama miwani aone mwenyewe, na ni hapo alipokubali.

Tulichochagua ni boksi jembamba la ndani lenye ukingo wa sentimita 50, linalounganishwa kwa matundu mawili na boksi la nje nyuma ya tangi. La nje lina mabomba matatu. La kwanza ni saifoni kamili, linajaa maji tupu bila hewa, kwa hiyo liko kimya. La pili linabeba maji kidogo yaliyozidi. La tatu liko juu zaidi na hukaa kavu maisha yake yote, likisubiri siku ambayo mawili ya mwanzo yatakuwa yameziba. La kuning'inia lina njia moja. Fundi mwingine angeweza kuliongezea kipampu cha kunyonya hewa kwenye mrija, nami nimeona yakifanya kazi miaka. Lakini kipampu hicho nacho kinahitaji stima na kinaziba, na mimi sitaki kulala nikikifikiria.

Saa nane

Tangi limelala kifudifudi juu ya godoro, mgongo juu. Ndani nimebandika tepu ili kipande kisianguke. Juu nimezungusha ukuta mdogo wa udongo wa kuchezea watoto na kumwaga maji ndani yake. Biti ni kikombe cha almasi cha milimita 45, na tundu liko mbali na ukingo zaidi ya upana wake.

Naanza kwa kuinamisha keekee, ichonge mwezi mwandamo, kisha naisimamisha polepole. Mwendo mdogo, sisukumi. Uzito wa keekee unatosha. Maji yanageuka maziwa. Mjukuu anamwaga mengine, ananyamaza. Baada ya dakika kama kumi sauti inabadilika, inakuwa nyembamba na kavu kidogo, ishara kwamba kioo kimebaki kama ganda la yai. Hapo naibeba keekee badala ya kuilaza. Kipande kinaachia, kinabaki kwenye tepu. La pili linachukua muda zaidi kwa sababu mikono imechoka na nimeamua kupumzika katikati.

Konekta: mpira upande wa ndani ya tangi, silikoni hapana, kaza kwa mkono kisha robo zunguko. Anayekaza kwa nguvu anavunja kioo au anaupinda mpira uvuje.

Saa kumi na moja jioni

Maji baridi ya bomba kwa majaribio, mabomba yakiwa yamechomekwa bila gundi. Mdomo wa kurudishia nimeuweka sentimita tatu na nusu tu chini ya maji. Nawasha. Mabomba yanagugumia kama dakika nzima, hewa ikitoka, halafu nazungusha geti robo, robo, mpaka sauti inakufa. Mama anainamisha sikio. "Imezima?" Haijazima.

Nafunga saifoni kabisa kwa makusudi. Maji yanapanda kwenye boksi la nje, bomba la pili linabeba. Naziba na la pili kwa kiganja: la tatu linaamka kwa kelele kubwa, na tangi halijamwaga hata tone.

Nabandika kipande cha tepu kwenye sampu, pale maji yanapokaa: sentimita 25. Namwomba mama aende mwenyewe kwenye swichi kuu ya nyumba.

Giza kidogo. Maji yanashuka, mdomo wa bomba unakoroma, unavuta hewa, kimya. Kwenye sampu maji yamesimama kwenye 34. Lita 27, pamoja na maji yaliyokuwa kwenye mabomba na boksi. Sentimita sita zimebaki.

Anawasha. Mabomba yanagugumia tena, saifoni inashika yenyewe.

"Zima tena," anasema, ingawa yeye ndiye aliye kwenye swichi. Anazima. Thelathini na nne. Anawasha, anazima mara ya tatu, na safari hii anakuja mwenyewe kupiga magoti mbele ya kabati na kuweka alama kwa kalamu ya wino.

Saa mbili usiku

Kesho: gundi ya PVC, kisha kusubiri siku nzima. Lile boksi la kuning'inia amelirudisha kwenye katoni lake, dukani wamekubali kulipokea.