Machozi Ndani ya Chupa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Juma hili sijavuka Zaburi 56:8: "Umehesabu kutanga-tanga kwangu, uyatie machozi yangu katika chupa yako." Kila nikiisoma namkumbuka Charlotte-Rose de La Force, mwandishi wa hekaya wa karne ya 17.

Alikuwa binti wa ukoo mkubwa wa Kiprotestanti nchini Ufaransa. Babu yake, akiwa mtoto, aliponea mauaji ya Waprotestanti jijini Paris ya 1572 kwa kulala kimya chini ya maiti za baba yake na kaka yake. Hebu mfikirie mtoto yule alivyobana pumzi! Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 alifuta amri iliyowalinda Waprotestanti, na mwaka uliofuata Charlotte-Rose akaingia Ukatoliki. Mimi simhukumu, ajuaye mioyo ni Mungu. Akaolewa, baba mkwe akapinga, ndoa ikabatilishwa. Kisha mashairi yake yakamuudhi mfalme, akafungiwa katika nyumba ya watawa. Aliachiwa 1713.

Mwanamke huyu ndiye aliyeandika hekaya ya Persinette, msichana aliyefungiwa kwenye mnara wa fedha usio na mlango. Wengi tunaijua kwa jina la Rapunzel, na kwa nywele ndefu zilizoshushwa dirishani. Mimi hunigusa mwisho wake. Mwana wa mfalme amepoteza macho, ametangatanga miaka, hadi siku moja anasikia sauti anayoijua. Persinette anamkumbatia akilia, machozi yanamdondokea machoni, naye anaona.

Hata hapo taabu haijaisha. Wanashika chakula, kinageuka mawe. Wanakumbatiana pamoja na watoto wao wawili, wakingoja kufa. Ndipo yule mwenye nguvu za ajabu aliyemfungia Persinette anapoingiwa na huruma, anawachukua kwa gari la dhahabu hadi kwa baba wa kijana. Wasimuliaji waliokuja baadaye waliiacha sehemu hii, nami nasikitika. Aliyefungiwa na mfalme alithubutu kuandika kwamba hata moyo wa mfungaji unaweza kulainika.

Alhamisi kwenye maombi, mama mmoja alishindwa kumaliza ombi lake. Mwanawe hampigii simu, mwaka wa tatu sasa. Alifuta macho kwa ncha ya khanga, akaikunja pale palipolowa, akaishika kiganjani mpaka tuliposema amina. Tumwombee juma hili, pamoja na kijana wake huko aliko.