Tulivyopita Abilene, nyumbani kwa kina Eisenhower

Safari yenyewe ilikuwa ya Denver, shemeji yangu ndo anaendesha, tumetoka Kansas City asubuhi na barabara kuu ya I-70 ile imenyooka tu, ukishapita Topeka na kambi ya Fort Riley ni mashamba mpaka unasinzia. Kama kilomita 240 hivi tukakuta kibao cha Abilene, shemeji akasema hapa ndo kwao Eisenhower, tuingie tunyooshe miguu. Mi nilimjua kwa Normandy 1944, alipoongoza majeshi ya Washirika kuingia Ufaransa kwenye vita vya pili vya dunia, na urais wa Marekani wa 1953 mpaka 1961, basi, ya kwao sikuwa nayo kabisa.

Nyumba ipo palepale ilipokuwa, ya mbao, nyeupe, ghorofa moja, kusini mwa reli. Na hapo reli ina maana yake, kaskazini walikaa wenye nazo, kusini ndo watu wa kuunga unga. Dwight, yaani Eisenhower mwenyewe, hakuzaliwa hapo lakini, alizaliwa Denison, Texas, 14 Oktoba 1890 (ndio, tarehe yetu ya Nyerere Day), kwa sababu mzee wake, David, duka lilimfia kule Hope, Kansas, akaenda Texas kutafuta kazi ya reli. 1892 wakarudi Kansas, mzee akapata kazi kwenye kiwanda cha siagi cha Belle Springs, na 1898 wakaingia kwenye hii nyumba, mali ya ndugu wa mzee, kwa sharti kwamba babu naye akae nao. Sasa piga hesabu: vijana sita (walizaliwa saba, Paul akafa mchanga), wazazi, babu, halafu angalia hivyo vyumba. Mi nilisimama mlangoni nikajiuliza walikuwa wanapishanaje.

Sebuleni kuna piano nyeusi, ya mama, Ida. Huyu mama ndo kaniteka kuliko mwanaye kwa kweli. Kwao Virginia, yatima, alipopata urithi wake akanunua hiyo piano na akaenda kusoma Lane University, ndo huko akakutana na David wakaoana 1885. Mwanamke wa miaka ile! Na alikuwa mtu wa dini hasa, walitokea kwenye madhehebu yanayokataa vita kabisa, baadaye akajiunga na wale Wanafunzi wa Biblia ambao leo tunawaita Mashahidi wa Yehova, na walikuwa wanasalia humuhumu ndani. Halafu kwenye nyumba hiyohiyo anatoka jenerali wa nyota tano.

Shemeji akasema kwenda jeshini ni ubishi wa kijana kwa mama. Mi nakataa, ilikuwa ni hela ya ada ya chuo. Dwight alimaliza sekondari 1909, wakapatana na kaka yake Edgar wapokezane, mmoja asome mwingine afanye kazi amtumie hela, Edgar akatangulia kwenda Michigan na Dwight akabaki palepale kiwandani kwa mzee, anabeba barafu, anachochea boila, mpaka akawa msimamizi wa usiku. Rafiki yake akamwambia chuo cha wanamaji ni bure, akafanya mtihani, kumbe umri umempita, ikabaki West Point, chuo cha jeshi la nchi kavu, nacho bure, akaenda 1911. Mama hakumzuia. Milton, kitindamimba, alisimulia baadaye kwamba siku ile ndo alimsikia mama yao akilia kwa mara ya kwanza.

Na asingefika popote kama si Edgar. Utotoni Dwight aliumia goti, likaoza, daktari akataka kukata mguu, kijana akagoma na Edgar akalinda mlango asiingie mtu na kisu. Mguu ukapona. Mguu mmoja usingemfikisha West Point, hilo halina mjadala.

Kaburi lake lipo kwenye eneo hilohilo, yeye, mkewe Mamie na mtoto wao wa kwanza aliyefariki 1921. Alizikwa 1969 kwenye jeneza la kawaida la askari, la dola 80.

Ukipita I-70 usiishie kwenye jumba la makumbusho ukaondoka, lile ni kubwa na lina mambo ya vita na Ikulu, ila nyumba ndo uianze kwanza. Sisi tulianza na makumbusho kwa vile shemeji alitaka kuona gari la kijeshi, tukaingia Denver usiku mnene.