Mwezi wa kumi wa nani?

Kwenye ujia wa kwenda chooni, nyumbani kwa mama mkwe wangu huku Rhode Island, Marekani, kuna fremu ya mbao yenye mti wa ukoo. Juu kabisa pameandikwa Arbella Stuart, binamu wa mfalme wa Uingereza. Kutoka kwake unashuka mstari wa wino wa dhahabu hadi kwa Mary Dyer, kisha matawi, matawi, hadi kwa mama mkwe mwenyewe. Siku ya kwanza nilipokwenda kutambulishwa nilionyeshwa fremu hiyo kabla sijapewa hata chai. Mimi mtoto wa Ng'ambo, Unguja, nikatikisa kichwa kwa adabu kama ninayeelewa.

Miaka ikapita. Binti yangu akapewa na mwalimu kazi ya kuchora mti wa ukoo. Upande wangu uliisha kwa simu moja: bibi yangu aliwataja mababu saba, bin fulani bin fulani, bila kuvuta pumzi. Upande wa pili mama mkwe akasema, "Nakilini tu ile fremu." Ile "tu" ndiyo iliyonikera. Nikasema, hapana, nitathibitisha. Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Ilinichukua miaka miwili kasoro, na dola ambazo mke wangu hajui idadi yake na naomba asijue.

Kwa asiyemjua, Mary Dyer alikuwa Mpuritani, yaani Mprotestanti wa kundi lililotaka kulitakasa Kanisa la Uingereza, aliyehama London na mumewe William katikati ya miaka ya 1630, wakahamia Boston. Baadaye akawa Mkweka, dhehebu jingine la Kikristo, hawa hawa ambao kule Kaimosi, Kenya, wanaitwa Friends, na Boston ilikuwa imepiga marufuku Wakweka. Wakamfukuza, akarudi. Wakampandisha kwenye mti wa kunyongea Oktoba 1659 wakamshusha, akarudi tena. Tarehe 1 Juni 1660 hawakumshusha. Leo sanamu yake imekaa mbele ya jengo la serikali ya Massachusetts, mikono mapajani, kama mama anayesubiri daladala isiyokuja.

Ushauri wa kwanza nilioupata ulitoka kwa jamaa mmoja kazini anayejiita mtaalamu wa nasaba. Akasema ingia kwenye ile tovuti, andika jina, ikikuletea dokezo bonyeza kubali. Nikabonyeza. Kubali, kubali, kubali. Jioni moja nilimpita Mary, nikampita Arbella, nikaingia kwa wafalme wa zama za kati, na lau si usingizi ningemsalimia Nabii Adamu. Asubuhi nikagundua kwamba bibi mmoja katika orodha yangu alizaa akiwa na miaka minne. Mwingine akanishauri kipimo cha DNA. Mtu hana haja ya kuwa daktari kulifahamu hili: ukirudi nyuma vizazi kumi una mababu na mabibi 1,024, na cha Mary kilichobaki katika mate ya mama mkwe ni kama chumvi ya jana ndani ya pipa. Wa tatu alikuwa tayari kututolea cheti chenye muhuri kwa dola mia na kitu. Huyo sikumjibu.

Habari ya Arbella ilikufa mapema, na sikuhitaji kuingia maktaba. Arbella Stuart aliolewa kwa siri na William Seymour mwaka 1610, mfalme akakasirika, wakafungwa. Mwaka 1611 akatoroka amevaa nguo za kiume, wakamkamata baharini karibu na Calais, na akafia ndani ya Mnara wa London mwaka 1615. Mtoto hayumo kwenye karatasi yoyote ya wakati ule. Hadithi ya kwamba alizaa kichanga kikafichwa na yaya, kikakua kikawa Mary Dyer, iliandikwa karne ya 19, watu wamekwisha kuwa mifupa. Kila ukoo unapenda kuwa na mfalme. Kwetu nasi, nani asiyedai asili yake ni Shiraz?

Basi kama si binti wa Arbella, ni binti wa nani? Hapa ndipo nilipozama.

Nilikuwa na karatasi tatu. Ya kwanza ni ndoa: kanisa la St Martin-in-the-Fields, London, 27 Oktoba 1633, William Dyer na Mary Barrett. Ya pili ni ya mirathi: kijana William Barrett amekufa, na mahakama inawapa usimamizi wa mali yake William Dyer, mwuza samaki, na mkewe Mary, aliyekuwa Barrett. Mary ni dada wa marehemu huyo. Safi kabisa. Isipokuwa tarehe yake ni Januari 1633. Yaani miezi tisa kabla ya harusi, Mary tayari ni mke wa mtu. Ya tatu ni daftari la kanisa la Boston la mwaka 1635: William Dyer na mkewe Mary wanapokelewa kuwa washirika. Lakini huyu William hauzi samaki, anauza kofia na riboni.

Na mtoto wao Samuel? Kwenye nakala moja nilikuta amebatizwa siku ya 20 ya mwezi wa 10. Nikaandika Oktoba. Kwenye nakala nyingine wazazi wamepokelewa kanisani 13 Desemba. Sasa, Wapuritani hawakubatiza mtoto ila mzazi mmojawapo awe mshirika. Mtoto atangulieje kubatizwa?

Mtu mwenye akili angesema nimekosea kusoma. Mimi nilisema: kulikuwa na akina Dyer wawili! William mwuza samaki na Mary wake, na William mwuza kofia na Mary wake. Mmoja alioa mapema, mmoja Oktoba. Mmoja alibatiza mtoto, mwenzake akaja kanisani miezi miwili baadaye. Kila kitu kikakaa mahali pake kama kete za bao. Nikaandika kurasa kama arobaini. Nikachora michoro ya rangi mbili, bluu kwa samaki na nyekundu kwa kofia. Kwenye chakula cha Sikukuu ya Shukrani nikasimama mbele ya wakwe, mashemeji na binamu zao, bata mzinga anapoa, nikawaeleza kwamba huenda fremu yao inamhusu Mary mwingine kabisa. Shemeji mmoja alipiga makofi. Mama mkwe alikata nyama yake vipande vidogo vidogo na hakusema neno.

Wiki kadhaa nikaishi na utukufu huo. Kisha nikakwama, maana samaki wangu hakuonekana tena popote. Hakufa, hakuhama, hakudaiwa kodi. Alipotea tu.

Nilimpigia bibi kumpa mkono wa Idi, maana ilikuwa siku ya kuchinja. Akaniuliza mbona sauti ina usingizi, nikamweleza kisa chote, mtoto kabatizwa mwezi wa kumi na wazazi wameingia kanisani Desemba.

"Mwezi wa kumi wa nani?"

"Wa nani vipi, bibi? Wa kumi ni wa kumi."

"Kwako. Mimi hapa niko mwezi wa tatu, na leo ni Idi. Muulize Mwarabu, atakwambia wa kumi na mbili. Na mwezi ni huu huu."

Nikanyamaza. Mfunguo Tatu. Watu wetu wanahesabu miezi tangu walipofungua Ramadhani: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu. Mimi niliyelelewa kuiita saa moja ile ambayo Wamarekani wanaiita saba. Mimi ambaye siku yangu ya kwanza ya juma ni Jumamosi, si Jumapili. Mimi, kwa umri huu na akili hizi, sikujiuliza hawa watu walianza kuhesabia wapi.

Walianzia Machi. Wapuritani waliona majina ya miezi ni ya miungu ya kipagani, Machi ni ya Mars, mungu wa vita wa Warumi, wakakataa kuyaandika, wakaweka namba. Mwezi wa kwanza ni Machi, basi wa kumi ni Desemba. Na Desemba yenyewe imetokana na neno la Kilatini la kumi, jina linapiga kelele! Wazazi wakapokelewa 13 Desemba, mtoto akabatizwa tarehe 20, wiki moja tu baadaye, kama kanuni yao inavyotaka. Na Uingereza, hadi mwaka 1752, mwaka mpya wa serikali uligeuka tarehe 25 Machi. Kwa hiyo ile Januari 1633 ilikuja baada ya Oktoba 1633. Sisi tungeiita Januari 1634. Mary aliolewa, na miezi mitatu baadaye akasimamia mali ya kaka yake. Mkikutana na tarehe ya Januari, Februari au Machi ya karne hiyo imeandikwa 1633/34 kwa mkwaju, msidhani karani kachanganyikiwa.

Samaki na kofia? William alijifunza kazi chini ya bwana aliyekuwa mwanachama wa chama cha wauza samaki, naye akarithi uanachama huo. Uanachama ni jambo jingine na biashara ni jambo jingine. Yeye alikuwa akiuza kofia na riboni, na pengine samaki alimjua sahanini tu. Wanandoa wangu wanne wakarudi kuwa wawili usiku ule ule. Michoro ya bluu na nyekundu ninayo bado, sina moyo wa kuitupa.

Ila ile karatasi ya kaka mtu ndiyo tamu kuliko zote, na niseme wazi kwamba si mimi niliyeifukua, wapo wanazuoni waliotangulia, mimi nilikwenda kuikagua. Watu wote wanamtafuta mwanamke wa zama zile kwenye ubatizo na ndoa zake. Mtafute pale anapokufa mwanamume. Baba, kaka, mjomba: mali ikigawanywa, ndipo karani analazimika kuandika huyu mama ni nani na anamhusu vipi marehemu. Kichanga cha siri cha Arbella kisingepewa mali ya kijana Barrett.

Kurudi nyuma kutoka kwa mama mkwe hadi 1850 sina la kueleza, ni sensa tu, jioni mbili. Shida ni kabla ya hapo, kwa sababu sensa za nyuma zilimtaja mkuu wa kaya peke yake, na mke na watoto ni tarakimu tu. Niliwatafuta wiki nyingi kwenye kaunti bila mafanikio hadi karani mmoja mzee akaniambia kwamba Rhode Island wosia na hati za ardhi ziko kwenye mji, si kaunti. Laiti ningeuliza mapema. Za Newport Waingereza walizibeba mwaka 1779 walipoondoka, meli ikazama karibu na New York, zikaopolewa zimelowa maji ya chumvi. Ukoo wetu, unaopitia kwa yule Samuel, ukawa umesogea North Kingstown, nikafurahi, kumbe za huko ziliungua mwaka 1870. Kingo za kurasa zimeliwa na moto, mwisho wa kila mstari haupo. Unasoma "na binti yangu" na hapo hapo panakuwa majivu.

Nilichookoa ni hati moja ya kuuza shamba. Mume anasema kipande hiki alipewa na baba mkwe wake, anamtaja, na chini mke anaachia haki yake kwa alama, mistari mitatu imeungana chini kama ufagio wa chelewa. Hakujua kuandika. Ufagio ule ndio ulioshika vizazi viwili visianguke.

Nilipompelekea mama mkwe matokeo nilimwambia pia kwamba Samuel alioa mjukuu wa Anne Hutchinson, Mpuritani mwingine aliyefukuzwa Boston, ili angalau apate kifuta jasho. Akasikiliza yote. Akaenda bafuni, akarudi na plasta ya kidonda ya mjukuu wake, ile yenye picha za samaki, akambandika nayo Arbella juu ya kioo. Kisha akauliza, "Na mama yake Mary?" Nikamwambia kaka tunaye, mama bado.

Binti yangu alikuwa anasikiliza. Jioni akampigia bibi Unguja na kumwomba majina ya wake wa wale mababu saba. Bibi akataja watatu, akakohoa, akasema simu yake haina chaji.